Ritifaa ya Narung'ombe na Mipaka ya Usimbaji wa Zamani

Usimbaji wa herufi ni utaratibu unaoipa kila herufi na kila alama namba yake, kwa kuwa kompyuta huhifadhi namba wala si herufi, na programu mbili zinazotumia majedwali tofauti ya namba hizo zinaweza kuisoma taarifa ileile kwa namna mbili. ASCII, jedwali lililotolewa Marekani mwaka 1963, lina nafasi 128 tu. Na kwa kuwa tahajia sanifu ya Kiswahili hutumia herufi za Kilatini zisizo na alama juu yake, wengi wameamini kwamba lugha hii iliepuka kero inayowapata waandishi wa Kigikuyu, ambao ĩ na ũ zao hazimo katika ASCII wala katika Windows-1252, jedwali lililoenea katika kompyuta za ofisini. Imani hiyo inavunjwa na alama moja ndogo, yaani ritifaa ya ng'.

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ritifaa hiyo imo katika majina ya mahali: Narung'ombe ni kata ya Ruangwa, na Nang'ondo ni kata ya Nachingwea. Jina la kata huandamana na jina la mkulima katika karatasi nyingi, hasa tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho msimu wa 2007/2008, ambapo mkulima hupeleka mzigo wake chama cha msingi, mzigo husafirishwa hadi ghala kuu, na baada ya mnada unaoendeshwa chini ya chama kikuu, ambacho kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI, fedha hupitia benki hadi kwa mwenye zao. Katika safari hiyo taarifa huhama kutoka programu moja hadi nyingine, na kila kivuko ni mahali ambapo herufi inaweza kuharibika.

Chanzo cha uharibifu ni kwamba ritifaa zipo za aina zaidi ya moja. Ile iliyonyooka, inayopatikana kwenye kibodi, ina namba 39 katika ASCII. Ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe karani anapobonyeza ufunguo uleule, haimo kabisa katika ASCII. Katika Windows-1252 ina namba 146, na katika UTF-8, usimbaji wa Yunikodi (jedwali moja linalokusanya herufi za lugha nyingi za dunia) uliobuniwa mwaka 1992 na Ken Thompson na Rob Pike, hubebwa na baiti tatu: 226, 128 na 153. Programu ya zamani ikizisoma baiti hizo kwa jedwali la Windows-1252, kila baiti huhesabiwa kuwa herufi kamili, na jina la kata hutokea kwenye skrini hivi: Narungâ€™ombe. Jina lenye alama 11 limechukua baiti 13, na likihifadhiwa upya katika hali hiyo ya kuharibika hufikia baiti 18, kiasi kwamba safu iliyopimwa kwa baiti chache hukata mwisho wake.

Uharibifu huo, kwa sura yake ya kutisha, ndio ulio afadhali, kwa maana mtaalamu anaweza kuzirudisha baiti nyuma na kulipata jina. Hatari kubwa zaidi ni programu inayoweka alama ya kuuliza mahali pa kila herufi isiyoijua, kwani Narung?ombe haina tena habari yoyote ya kilichokuwapo, na dawa yake ni kulinganisha na daftari la karatasi tu.

Hata pasipo uharibifu wa kuonekana, hesabu huyumba. Kwa kompyuta, ritifaa iliyonyooka na iliyopinda ni alama mbili zisizohusiana, hivyo mkulima mmoja aliyeandikwa kwa zote mbili huwa watu wawili, na malipo yanayolinganishwa kwa jina na kata hukosa mwenyewe. Mpangilio nao hubadilika: kwa ritifaa iliyonyooka, Nang'ondo hutangulia kata ya Nangowe, kwa sababu 39 ni ndogo kuliko namba ya o, kwa iliyopinda huangukia nyuma yake, na anayeitafuta mahali pake pa kawaida huona haipo.

Simu nazo zina jedwali lao la zamani. Ujumbe mfupi hubeba alama 160 kwa jedwali la GSM la biti saba, lakini ritifaa iliyopinda haimo humo, na kuingia kwake mara moja tu huulazimisha ujumbe mzima kutumia usimbaji wa alama 70. Tangazo la mnada lenye alama 150, ambalo lingekuwa meseji moja, hugawanyika kuwa tatu na kulipiwa tatu.

Kununua programu mpya inayotumia Yunikodi hakutoshi, kwa sababu Yunikodi yenyewe inazo ritifaa zote hizo. Inafaa chama kichague moja, na iliyonyooka ndiyo salama zaidi kwa Kiswahili kwa kuwa inapita ASCII, GSM na UTF-8 bila kubadilika. Kisha kila programu igeuze nyingine zote kuwa hiyo wakati wa kupokea taarifa, na kila faili linalopelekwa benki au ghalani litaje usimbaji wake. Kazi ya kusafisha orodha za zamani inapaswa kufanywa kabla ya minada ya korosho kuanza, wakati daftari za vyama vya msingi bado zinapatikana na makarani walioandika majina hayo kwa mkono wanaweza kuulizwa.