Harufu ya Petroli Isizoeleke

Magari ya zamani ni mengi katika visiwa vyetu, na hilo si aibu. Gari likitunzwa hudumu. Lakini ipo kasoro moja tuliyoizoea mno hata tukaihesabu kuwa sehemu ya ukuukuu wenyewe, nayo ni harufu ya petroli. Mwenye gari huambiwa afungue vioo. Akizidi kulalamika hubadilishiwa pampu, kisha kabureta, akalipa, na harufu ikabaki pale pale.

Petroli hugeuka mvuke hata gari likiwa limesimama, seuze chini ya jua letu la kaskazi. Hapo zamani mvuke huo uliachwa uende zake hewani. Jimbo la California lililikataza jambo hilo kwa magari mapya ya mwaka 1970, na Marekani nzima ikafuata kwa yale ya 1971. Japani, yanakotoka mengi ya magari yetu, nayo ilishika njia hiyo katika miaka ya 1970. Tangu hapo mvuke wa tangi hupitishwa katika mpira hadi kwenye kopo lenye chembe za mkaa wa namna ya pekee, unaounasa. Injini ikishapata moto, vali hufunguka, mvuke ukavutwa ukaunguzwa pamoja na mafuta mengine. Nayo ni petroli iliyokwisha kulipiwa.

Mafundi wetu wengi ni hodari, ila wapo wanaoliona kopo hilo kuwa pambo. Hulitoa, wakaziba mipira kwa skrubu, na tangi likakosa pumzi. Gari huzimika njiani, na lawama ikatupiwa pampu. Njia ya kulitambua hili ni nyepesi: gari likizimika, ufunguliwe mfuniko wa tangi. Likivuta hewa kwa mlio mkubwa na injini ikawaka tena, basi tangi halipumui, na pampu haina hatia.

Uchunguzi huanzia kwenye kilicho rahisi. Je, raba ya mfuniko imekauka? Au badala ya mfuniko kuna tambara na mfuko wa plastiki, kama tuonavyo barabarani? Kisha itazamwe shingo ya kujazia mafuta, hasa pale inapojificha nyuma ya tope la gurudumu, kwani chumvi ya bahari huila polepole. Mipira nayo ikunjwe kwa mkono, iliyopasuka hujionyesha. Gari likisumbua kuwaka mara tu baada ya kujazwa mafuta, shaka iiangukie vali. Ivuliwe injini ikiwa imezimwa, fundi aipulizie kwa kipande cha mpira safi. Katika magari mengi vali isiyo na umeme haipitishi pumzi. Ikipitisha, imekwama. Ama kopo linalodondosha petroli, mara nyingi mwenye gari ndiye aliyelizamisha, kwa kung'ang'ania kujaza hadi shingoni baada ya bomba la kituo kujikata lenyewe.

Asithubutu mtu kutafuta uvujaji kwa kiberiti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutuama chini, katika mashimo ya gereji na katika sitaha ya magari ya meli ziendazo Pemba. Wala tangi lisitiwe upepo wa pampu ya magurudumu, kwani halikuundwa kuustahimili.

Magari yaliyouzwa Marekani tangu mwaka 1996 yalilazimishwa kuwa na mtambo wa kujichunguza, wenye kuwasha taa kasoro inapoonekana. Mengi ya haya yetu hayatawasha taa yoyote mfuniko ukivuja. Pua ya dereva ndiyo taa yake.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika Serikalini mambo mawili. Kwanza, ukaguzi wa magari usiishie kwenye breki na taa, bali mfuniko, shingo ya tangi na mipira ya mvuke vitazamwe pia, na gari linalonuka petroli lisipakiwe melini mpaka litengenezwe. Pili, vituo vya mafunzo ya amali, Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, viwafundishe vijana kazi ya kopo hili kabla hawajafundishwa na gereji kulitupa. Na wenye gari, ambao hawana haja ya kungoja ukaguzi, leo jioni waitazame raba ya mfuniko.