Wapiga Kelele wa Ziwa Victoria

Mwanza haiamshwi na majogoo peke yao. Jua likiwa bado nyuma ya vilima vya mawe, kwarara hupita juu ya mabati ya Kirumba na ukelele wao wa puani, haa-haa-dedaa, unaomfikia hata aliyejifunika shuka gubigubi. Punde furukombe huita kutoka upande wa Capri Point. Kukipambazuka, kwera nao hushika zamu kwenye matete na miti ya ufukweni, na kelele zao haziishi mpaka jua kali.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Methali hiyo inawahusu watu. Ndege anapopiga kelele hutumia nguvu alizozitafuta kwa taabu, tena humwonyesha adui mahali alipo. Kelele isiyo na kazi ingemgharimu maisha. Kwa hiyo kila sauti ya ufukwe huu ina sababu yake, na anayejua kuisikiliza huipata hali ya ziwa bila kupanda mtumbwi.

Tuanze na furukombe, ambaye wengi humwita tai mla samaki. Kichwa, kifua na mkia ni vyeupe, tumbo lina rangi ya hudhurungi, mabawa ni meusi. Anapoita huurusha kichwa nyuma, akaelekeza mdomo mbinguni. Jike ana uzito wa kilo 3.2 hadi 3.6, na dume ni kilo 2 hadi 2.5; ndiyo maana sauti nyembamba ni ya dume na ile nzito kidogo ni ya jike. Mara nyingi huita wawili kwa kupokezana, mmoja akiachia mwenzake anadaka.

Niliwahi kusimama chini ya jozi moja katika Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya kilomita za mraba 2.18 iliyo mwendo mfupi wa boti kutoka katikati ya jiji. Sauti yao niliisikia kifuani kabla ya kuipambanua masikioni. Hawajamaliza, jozi nyingine ikawajibu kutoka ng'ambo, na majibizano yakaendelea hadi dume alipoacha tawi, akashuka mpaka usoni mwa maji na kuibuka na sato kwenye kucha. Niliporudi mjini sikuweza tena kuuchukulia mlio ule kama pambo la mandhari. Pale palikuwa na mpaka, na wenyewe walikuwa wakiutangaza.

Kila jozi hulinda kipande chake cha ufukwe, chenye mti mrefu wa kutagia na maji ya kuvulia. Mlio huwaambia majirani kwamba eneo lina wenyewe, na kwamba wenyewe ni wawili na wana afya. Onyo likipuuzwa, furukombe wanaweza kukamatana kucha angani na kuporomoka wakizunguka pamoja. Ugomvi wa namna hiyo huweza kuvunja mifupa. Kelele za asubuhi huuepusha.

Sauti hiyo inatoka wapi? Sisi binadamu husemea kwenye zoloto, juu ya bomba la hewa. Ndege ana kiungo kingine, sirinksi, kilichokaa chini kifuani pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda kwenye mapafu mawili. Hewa ikipita, utando mwembamba hutetemeka na misuli huurekebisha. Mazingira nayo husaidia: juu ya ziwa hakuna miti wala nyumba za kuizuia sauti, na alfajiri upepo bado haujaamka kuitawanya.

Kwarara hana mpaka wa kutangaza kwa namna hiyo. Yeye huita akiwa angani, pale kundi linapotoka malaloni kwenda malishoni, na wito huo huwaweka pamoja. Akitua ananyamaza, anaanza kazi ya kuchokoa udongo kwa mdomo wake mrefu uliopinda. Kwenye ncha ya mdomo huo, mfupa una vishimo vidogo vyenye vihisio vinavyonasa mtetemo wa mnyoo au buu lililo chini asikoliona. Majaribio yaliyofanywa Afrika Kusini yameonyesha kwamba uwezo huo hufanya kazi vizuri zaidi udongo ukiwa mbichi. Ndiyo maana kwarara hupenda kingo za ziwa, bustani zinazomwagiliwa na viwanja vya majani. Wakitoweka mtaani, huenda udongo wenyewe umekauka au umefunikwa na zege.

Nenda sasa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, ukamtazame kongoti. Ana kimo cha kama mita 1.5 na upara wa rangi ya nyama, na mabawa yake yakikunjuliwa huweza kuzidi mita 2.5. Katikati ya wachuuzi, mizani na mikokoteni, ndege huyo mkubwa karibu ni bubu. Yeye ni wa jamii ya korongo, ambao wana sirinksi dhaifu, hivyo hugonganisha taya za mdomo wake zikaalika ta-ta-ta, au hukoroma kidogo. Miguu yake myeupe ni nyeusi kwa asili. Weupe huo ni kinyesi: hujinyea ili umajimaji ukikauka umpunguzie joto. Bila yeye, matumbo ya samaki na mizoga anayofagia vingeozea sokoni.

Kwera ndio wenye kelele za furaha. Dume wa njano mwenye kichwa cheusi husuka kiota kwa majani mabichi, kisha huning'inia chini yake kichwa chini, akipiga mabawa na kupayuka kila jike apitapo. Watafiti wa Marekani Nicholas na Elsie Collias waligundua kwamba majike huvikataa viota vilivyokauka na kubadilika rangi. Dume aliyekataliwa hukibomoa chake na kusuka upya. Kelele za mti mzima, basi, ni mnada wa ufundi, na mnunuzi ni jike.

Lakini nasi tuna kelele zetu: bodaboda, jenereta, spika za madukani. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba katika mji wa Leiden ndege wadogo wanaoishi penye kelele nyingi huimba kwa sauti nyembamba zaidi, ili wasimezwe na mngurumo wa magari. Mwaka 2020, magari yalipopungua San Francisco kwa sababu ya korona, ndege wa huko walipunguza nguvu ya sauti, na bado nyimbo zao zikafika mbali zaidi.

Zaidi ya utulivu, ndege hawa wanahitaji ukingo wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli zinazouharibu. Mita hizo 60 ndizo zenye mti wa furukombe, udongo mbichi wa kwarara na matete ya kwera. Ndizo pia zinazochuja taka za mvua na kuwaficha samaki wachanga. Tukizichukua, ndege watakwenda kwanza, kwa kuwa wana mabawa. Mvuvi atabaki na ziwa lisilo na mazalia. Kwa hiyo mkazi wa Mwanza anayedai ukingo huo usivamiwe anaitetea mboga yake mwenyewe, na kila asubuhi kelele za ndege zitamwambia kama anashinda au anashindwa.