Jinsi macho yanavyoweza kumhadaa shahidi mkweli

SI ajabu katika mahakama za Milimani na Kibera, jijini Nairobi, kwa kesi nzima ya wizi wa mabavu kutegemea kauli moja tu: "Ndiye huyu, nilimwona kwa macho yangu."

Kauli hiyo ina uzito mkubwa. Kifungu cha 143 cha Sheria ya Ushahidi hakiweki idadi maalum ya mashahidi wanaohitajika kuthibitisha jambo. Nacho Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinatoa hukumu ya kifo kwa anayepatikana na hatia ya wizi wa mabavu. Ingawa Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka wa 1987, na Rais Mwai Kibaki aligeuza hukumu za wafungwa zaidi ya 4,000 kuwa vifungo vya maisha mnamo 2009, bado mtu aweza kupoteza uhuru wake kwa kutambuliwa na shahidi mmoja.

Je, shahidi huyo akiwa mkweli, asiye na chuki wala tamaa ya hongo, yamkini akakosea? Saikolojia inajibu kwamba ndiyo, na sababu yake hufunzwa katika masomo ya mwanzo kabisa ya taaluma hiyo.

Wanasaikolojia hutofautisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchukuliwa kuwa kitu kimoja. La kwanza ni hisi, yaani kazi ya milango ya fahamu ya kupokea mwanga, sauti, harufu, ladha na mguso, kisha kuvigeuza kuwa ishara za neva. La pili ni utambuzi, yaani kazi ya ubongo ya kuzipa maana ishara hizo. Jicho hupokea, ubongo hufasiri. Na kama ilivyo kwa kila mfasiri, kuna wakati ubongo huongeza neno ambalo halikusemwa.

Tuanze na jicho. Nyuma yake mna utando uitwao retina, wenye seli za aina mbili. Zipo takriban milioni 100 zenye umbo la kijiti, ambazo hufanya kazi katika mwanga hafifu lakini hazitofautishi rangi. Nyingine, zipatazo milioni tano au sita, zina umbo la koni. Hizi ndizo hutuonyesha rangi na sura kwa ukamilifu, ila huhitaji mwanga wa kutosha.

Chukua mfano wa mkazi anayeshuka matatu Kangemi saa tatu usiku, akaiacha barabara ya Waiyaki Way yenye taa nyingi za magari na kuingia kichochoro cha kuelekea nyumbani. Macho yaliyozoea mwanga huchukua takriban nusu saa kulizoea giza kikamilifu. Akivamiwa dakika mbili baada ya kushuka, atakuwa akitazama kwa macho ambayo hayajawa tayari. Huenda akaapa kuwa mvamizi alivaa fulana ya bluu, ilhali katika giza lile seli zinazotambua rangi zilikuwa karibu kulala.

Hata pale penye zile taa za milingoti mirefu ambazo wakazi huziita mulika mwizi, tatizo halijaisha. Mwanga unaotoka juu huangaza paji la uso na pua, na kuyaacha macho na kidevu katika kivuli. Kofia ya chepeo ikiongezwa, nusu ya sura imepotea.

Mahakama za Kenya zimelizingatia jambo hili kwa miaka mingi. Katika rufaa ya Maitanyi ya mwaka wa 1986, Mahakama ya Rufaa ilisisitiza kuwa haitoshi shahidi kusema palikuwa na mwanga. Sharti aulizwe ulikuwa mwanga wa aina gani, wenye nguvu kiasi gani, na ulitoka upande gani ukilinganishwa na mshukiwa. Kabla ya hapo, katika rufaa ya Abdalla bin Wendo ya 1953, iliyokuwa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilionya kuwa ushahidi wa mtu mmoja kuhusu utambulisho unafaa kupimwa kwa uangalifu mkubwa, hasa mazingira yakiwa magumu.

Kutoka kwa jicho, ishara huelekea ubongoni. Hapa ndipo mengi hutendeka bila mtu kujua. Katika kila jicho kuna sehemu isiyoona kabisa, pale mshipa wa neva unapotokea kwenye retina. Msomaji anaweza kujihakikishia. Achore msalaba mdogo kwenye karatasi, na nukta nene upande wa kulia, sentimita nane kutoka kwa msalaba. Afumbe jicho la kushoto, autazame msalaba kwa jicho la kulia, kisha asogeze karatasi polepole hadi iwe sentimita 30 hivi kutoka usoni. Nukta itatoweka. Mahali pake hapataonekana shimo jeusi, bali karatasi nyeupe. Ubongo umejaza pengo kwa kubahatisha.

Ubongo hubahatisha kwa kutumia tajriba. Wahenga walilijua hili waliposema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Jicho lake limepokea ung'ongo, lakini woga wake umeufasiri kuwa nyoka.

Mfano mashuhuri watoka mashariki mwa Kongo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mwanaanthropolojia Colin Turnbull aliandamana na Kenge, kijana wa jamii ya Wambuti aliyelelewa ndani ya msitu wa Ituri, hadi kwenye nyanda wazi. Kenge alipoona nyati waliokuwa mbali sana, aliuliza ni wadudu wa aina gani. Macho yake hayakuwa na kasoro. Msituni hakuwa amepata kutazama kitu kilicho mbali kiasi hicho, hivyo ubongo wake haukuwa na kipimo cha umbali ule.

Isitoshe, ubongo hauwezi kushughulikia kila kitu kwa wakati mmoja. Mwaka wa 1999, Daniel Simons na Christopher Chabris wa Marekani waliwaonyesha watu filamu fupi ya wachezaji wakirushiana mpira, wakawataka wahesabu pasi. Takriban nusu yao hawakumwona mtu aliyevaa vazi la gorila akipita katikati ya wachezaji. Kwa mintarafu hiyo, mtu aliyeelekezewa bastola katika barabara ya River Road huenda akaweza kuieleza silaha hiyo vizuri kuliko uso wa aliyeishika.

Masikio nayo yana mipaka yake. Ubongo hujua sauti imetoka upande gani kwa kulinganisha tofauti ya muda, isiyofika hata sekunde moja kwa elfu, kati ya sikio moja na jingine. Katikati ya majengo marefu ya jiji, mwangwi huvuruga hesabu hiyo. Ndiposa katika rufaa ya Choge ya 1985, mahakama ilitaka ithibitishwe kuwa shahidi aliizoea sauti ya mshtakiwa, na kwamba mazingira hayakumpa nafasi ya kukosea.

Baada ya tukio, kumbukumbu nayo huendelea kubadilika. Mwaka wa 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari. Walioulizwa magari yalikwenda kasi gani "yalipobamizana" walikadiria wastani wa maili 41 kwa saa, huku walioulizwa kuhusu "yalipogusana" wakikadiria 32. Neno moja katika swali lilibadilisha jibu.

Hii ndiyo sababu gwaride la utambulisho katika vituo vya polisi lina masharti makali. Mshukiwa hupangwa na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na hali, na huachiwa achague mahali pa kusimama. Mashahidi hawaruhusiwi kuzungumza wao kwa wao. Iwapo mshukiwa ndiye pekee aliye mrefu, au shahidi amekwisha kuonyeshwa picha yake, shahidi atamchagua anayekaribiana zaidi na taswira aliyo nayo akilini, aamini kwa dhati kuwa ndiye.

Madhara yake yanajulikana. Nchini Marekani, ambako uchunguzi wa DNA umewaondolea hatia zaidi ya wafungwa 350, takriban visa saba katika kila kumi vilihusu shahidi aliyemtambua mtu asiyehusika.

Hili halimaanishi kuwa ushahidi wa macho hauna thamani. Katika rufaa ya Anjononi ya 1980, mahakama ilieleza kuwa kumtambua mtu unayemfahamu ni jambo la kuaminika zaidi kuliko kumtambua mgeni. Ila hata jamaa, jirani au rafiki anaweza kufananishwa na mwingine.

Kwa hivyo, anayevamiwa anafaa kueleza sura, kimo na mavazi ya mvamizi kwa mtu wa kwanza anayemfikia na katika taarifa yake ya kwanza kwa polisi, kabla ya kusikia masimulizi ya wengine. Aeleze pia mwanga ulivyokuwa, umbali na muda alioutazama uso ule. Na akifikishwa mbele ya gwaride akakosa hakika, aseme hana hakika. Jibu hilo halimsaidii mhalifu. Huenda likamwokoa mtu aliyekuwa kwake nyumbani usiku huo.