'Affray': Hofu iliyosahaulika ndani ya sheria zetu

Watu wawili wakikamatwa kwa kupigana sokoni, iwe Tanzania au Kenya, hati ya mashtaka kwa Kiingereza inaweza kulitaja kosa lao kwa neno moja: affray. Ni wachache wanaojua kwamba zamani neno hilo halikumaanisha ugomvi. Lilimaanisha hofu, ule mshtuko unaomfanya mtu afadhaike na kukosa la kufanya.

Kiingereza kililiazima kutoka Kifaransa cha kale. Wataalamu wa asili za maneno wanaeleza kwamba mzizi wake unaunganisha kiambishi cha Kilatini chenye maana ya "nje" na neno la Kijerumani cha kale lenye maana ya "amani". Kumtia mtu hofu, basi, kulikuwa ni kumtoa katika amani yake.

Maana hiyo imekufa katika Kiingereza cha leo, lakini imeacha mtoto. Afraid, neno analolijua kila mwanafunzi, limetokana na kitenzi hicho hicho.

Hofu iligeukaje kuwa ugomvi? Jina la athari lilihamia kwenye chanzo chake. Katika karne ya 18, mwanasheria William Blackstone alieleza kuwa affray ni watu wawili au zaidi kupigana hadharani na kuwatia hofu raia wa mfalme. Wakipigana faraghani, hilo ni shambulio tu. Aliyelindwa hapo hakuwa mpiganaji, bali mpita njia.

Uingereza yenyewe haikuiacha hofu hiyo. Sheria yake ya mwaka 1986 inapima kosa hili kwa kuuliza kama mtu wa kawaida, asiye mwoga kupita kiasi, angehofia usalama wake kama angekuwapo. Adhabu yake inaweza kufika miaka 3 jela.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwingine. Kanuni za Adhabu zilizoletwa na wakoloni Tanganyika na Kenya mwaka 1930 zililibakiza neno affray, lakini maelezo ya kosa yakawa mafupi: kushiriki mapigano mahali pa umma. Hofu haikutajwa. Kwa maneno hayo, wawili wanaopigana usiku kwenye stendi isiyo na mtu wanaingia kwenye kosa hilo. Anayezungusha panga peke yake hadi stendi nzima ikatawanyika hapigani na mtu, hivyo lazima vitafutwe vifungu vingine vya kumshtaki.

Jambo hili si la makamusi pekee. Mwaka 2021 Tanzania ilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kutafsiri sheria ni kubwa. Mfasiri akifika kwenye neno hili ana njia mbili. Akiandika "kupigana hadharani", atakuwa mwaminifu kwa kifungu kilivyo. Akiandika "kuzua taharuki", atairudisha maana ya kale, lakini atakuwa ameongeza jambo ambalo Bunge halikulisema.

Mfasiri hana mamlaka ya kuziba pengo hilo. Wabunge wanayo, na lugha ya kulizungumzia tunayo. Wazee wetu walishasema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Kifungu chetu kinawataja tembo tu.