Marhamu ya Nyumbani: Rafiki wa Kovu, Adui wa Jeraha Bichi

Ufikapo mwezi wa Juni, baridi ya Nyanda za Juu Kusini haipigi hodi. Katika miji ya Mbeya na Iringa, ambayo yote miwili imezidi mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, upepo wa asubuhi huwa mkavu na mkali. Midomo hupasuka, visigino huota magaga, na miguu ya watoto waendao shule hupauka kama iliyopakwa majivu. Jioni, jamaa nzima hulizunguka jiko, na hapo ndipo ajali za moto huwajia watoto wadogo.

Mwandishi wa makala haya alilelewa Iringa, na mkono wake wa kushoto una kovu tangu alipokuwa na umri wa miaka sita. Ilikuwa jioni ya Julai, sufuria ya uji ikapinduka. Bibi, kwa mapenzi makubwa, alichukua samli, akaichanganya na majivu, akaupaka mkono wote. Kwa siku mbili tulidhani kuwa dawa imekubali. Siku ya tatu mkono ulivimba na kutoa usaha, na tulipofika hospitali muuguzi alitumia muda mrefu, na mtoto alitoa machozi mengi, kuliondoa tope lile. Jeraha lilichukua majuma mengi kufunga. Likaacha kovu gumu lililokivuta kidole cha mwisho, kikashindwa kunyooka.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Jeraha lilipokwisha kufunga kabisa, bibi yule yule alianza kazi nyingine. Kila jioni, kwa miezi mingi, alichota mafuta aliyoyayeyusha pamoja na nta ya nyuki, akalikanda kovu na kukinyoosha kidole taratibu. Leo kidole hicho kinanyooka. Kwa hiyo, ndugu msomaji, bibi alikosea siku ya kwanza, akapatia miezi yote iliyofuata. Mapenzi yalikuwa yale yale na mkono ulikuwa ule ule. Kilichotofautiana ni wakati.

Mafuta hufanya kazi gani?

Ngozi yetu hupoteza maji saa zote bila sisi kuona, na hewa kavu ya baridi huyanyonya maji hayo kwa haraka zaidi. Mafuta na nta huweka utando mwembamba unaoyazuia yasitoke. Kovu changa nalo hupoteza maji kuliko ngozi nzima. Ndiyo maana huwasha na kukakamaa. Likipakwa mafuta na kukandwa kwa utaratibu, aghalabu hulainika na kuacha kuvuta.

Yafaa tuseme kweli hapa: hakuna marhamu, ya nyumbani wala ya dukani, ifutayo kovu likatoweka. Kovu hupevuka lenyewe polepole, kwa muda wa mwaka mmoja hadi miwili. Kazi yetu ni kulisaidia katika safari hiyo. Anayekuahidi kulifuta kwa juma moja anaitafuta fedha yako.

Namna ya kutengeneza

Vitu vinavyohitajiwa havitoki mbali. Alizeti hulimwa na kukamuliwa katika mikoa yetu. Nta hupatikana kwa wafugaji wa nyuki, mathalani wa Mufindi na Chunya. Mwenye kupata mafuta safi ya parachichi, tunda ambalo Rungwe na Njombe sasa husifika kwalo, anaweza kuyatumia badala ya alizeti.

Pima gramu 100 za mafuta na gramu 20 za nta iliyochujwa. Kwangua nta iwe vipande vidogo. Weka mafuta na nta katika bakuli la bati, kisha liweke bakuli hilo ndani ya sufuria yenye maji ya moto, juu ya moto mdogo. Usiweke mafuta moja kwa moja juu ya moto, wala usiyaache peke yake, na watoto wawe mbali. Isije dawa ya kovu ikaleta kovu jingine. Nta huyeyuka maji yakiwa bado hayajachemka. Koroga mpaka mchanganyiko uwe mmoja, kisha tia tone juu ya kijiko baridi. Likiganda na kuwa gumu mno, ongeza mafuta kidogo; likiwa jepesi mno, ongeza nta. Mkazi wa Mbeya mjini atapenda mafuta yazidi, kwa kuwa baridi huigandisha marhamu. Mkazi wa Kyela au Pawaga, kwenye joto, atahitaji nta zaidi.

Mimina katika chupa ya mdomo mpana iliyochemshwa na kukaushwa vizuri. Andika tarehe juu yake. Chota kwa kijiko safi au kwa mkono ulionawiwa. Ikianza kunuka kama mafuta yaliyochacha, itupe. Hata bila kunuka, usiiweke kupita miezi sita.

Habari ya mitishamba

Wengi watauliza: majani yatiwe lini? Atakaye kutia majani ayaanike kivulini mpaka yakauke kabisa, ayaloweke katika mafuta yenye uvuguvugu kwa saa mbili au tatu, kisha ayachuje kwa kitambaa safi kabla ya kutia nta. Jani bichi huleta maji, na maji huleta ukungu. Na jani usilolijua kwa hakika, liache shambani.

Mshubiri una utaratibu wake. Ute wake mweupe hupoza ngozi iliyokauka, lakini usiuchanganye na marhamu, kwani una maji mengi na utaharibika baada ya siku chache. Kata jani, lisimamishe mpaka maji yake ya manjano yatoke yote, maana hayo huwasha ngozi. Kisha tumia ute uo huo siku ile ile.

Kabla ya kupaka dawa yoyote mpya, paka kidogo upande wa ndani wa mkono, ungoje siku mbili. Ukiona wekundu, vipele au muwasho, ngozi yako imeikataa, usiilazimishe.

Kwa kovu lililofunga, paka kidogo na kulikanda kwa dakika chache, mara mbili au tatu kwa siku. Lisiwe na gamba, unyevu wala maumivu. Lifunike lisipigwe na jua, kwa maana jua hulitia weusi, na jua la nyanda za juu lina ukali ingawa hewa ni baridi. Marhamu hii haizuii jua. Ndugu zetu wenye ualbino wasiitegemee hata kidogo kwa jambo hilo. Wao wanahitaji mavazi marefu, kofia pana na mafuta maalumu ya kukinga jua, kama yale yanayotengenezwa huko Moshi, kwenye hospitali ya KCMC.

Mpaka wa jikoni

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, laiti bibi angalilijua, lingaliniokoa. Mtu akiungua, dawa ya kwanza ni maji safi ya kawaida. Yamwagike juu ya mahali palipoungua kwa dakika 20, na mgonjwa afunikwe sehemu nyingine za mwili ili asishikwe na baridi. Vua pete na nguo ambayo haijagandamana na ngozi. Kisha funika kwa kitambaa safi. Usipake samli, majivu, unga, yai, dawa ya meno wala marhamu hii tuliyoieleza. Mafuta hufungia joto ndani, na vitu vichafu huingiza vijidudu, wakiwamo wale wa pepopunda. Mtoto aliyeungua mahali panapozidi kiganja chake, au usoni, mikononi, sehemu za siri au kwenye viungo, apelekwe hospitali bila kukawia.

Yako na mambo mengine yasiyo ya jikoni. Kovu linaloota na kuvimba kupita mipaka ya jeraha la awali lahitaji daktari; kulikata au kulichoma nyumbani hulifanya lirudi likiwa kubwa zaidi. Upele unaowasha usiku na kuambukiza nyumba nzima hauponi kwa nta. Na baka lililopauka ambalo halina hisia ukiligusa lisipakwe kitu: yaweza kuwa dalili ya ukoma, ugonjwa unaopona kabisa ukitibiwa mapema.

Tujihadhari vile vile na mikorogo ya kujichubua inayouzwa kwa jina la dawa ya makovu. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Huikonda ngozi, na zebaki huingia mwilini na kudhuru figo.

Kusema hivi si kuidharau mitishamba. Taifa letu liliitambua zamani, hata mwaka 1974 kikaanzishwa Muhimbili kitengo cha kuitafiti, ambacho leo ni Taasisi ya Tiba Asili. Kuiheshimu mitishamba ni kujua inachoweza na isichoweza. Na akina mama na vijana watakaopenda kuifanya marhamu kuwa biashara wasianze kwa kificho: SIDO, iliyoundwa mwaka 1973, hutoa mafunzo ya viwanda vidogo, na Shirika la Viwango, TBS, ndilo linalosimamia vipodozi tangu mwaka 2019.

Ndugu msomaji, Juni ijayo baridi itarudi, na jiko litawashwa. Tengeneza chupa yako ya marhamu mapema, uiweke kabatini. Lakini karibu na jiko, mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua, weka ndoo ya maji safi na kata yake. Siku ya ajali, mkono ukimbilie ndoo. Chupa ya kabatini ingoje. Zamu yake itafika jeraha likisha kufunga.