Ndoa ya Faragha Mlimani Elgon
Wapenzi wa Mella, wilayani Tororo nchini Uganda, wanaotaka ndoa ya faragha, yaani isiyo na karamu wala umati, wana Mlima Elgon upande wa kaskazini, ambao kilele chake, Wagagai, hufikia mita 4,321, na ambao upande wake wa Uganda umekuwa hifadhi ya taifa tangu 1993. Kibali cha kuingia hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Lakini lililo zito zaidi ni sheria, kwa kuwa ndoa ya kiserikali hutanguliwa na notisi ya siku 21 kwa msajili na huhitaji mashahidi wawili. Basi wasajiliwe kwanza, wapande wakati wa kiangazi, Desemba hadi Februari, na wazazi waarifiwe mapema, kwani mahari ya Wateso wa eneo hilo, ambayo kwa desturi ni ng'ombe, huunganisha koo mbili.