Mtoto Hasukumi, Anabana

Kliniki ya watoto haipiti wiki bila mzazi kueleza kwamba mwanawe "anasukuma mpaka anatoka jasho, lakini choo hakitoki." Mtazame vizuri mtoto huyo. Amejificha nyuma ya pazia, ameshika kanga ya mama, amesimama kwa ncha za vidole, miguu imekakamaa na matako ameyabana. Uso umemwiva. Huyo hasukumi. Anazuia choo kwa nguvu zake zote, kwa sababu anakiogopa.

Mara nyingi chanzo ni siku moja tu. Alikuwa na homa, au ameanza maziwa ya ng'ombe, au mmesafiri, akapata choo kigumu kilichomuumiza, pengine kikamchana. Mtoto wa miaka 2 hasahau maumivu hayo. Haja ikimjia tena, anabana. Choo kikikaa ndani, utumbo mpana unaendelea kufyonza maji yake, kinazidi kukauka na kuwa kikubwa, na kikija kutoka kinaumiza kuliko cha kwanza. Hali hiyo ikiendelea kwa miezi, sehemu ya mwisho ya utumbo hutanuka na hisia ya haja hupungua. Kisha choo chepesi hupenya pembeni mwa kile kigumu na kuchafua nguo. Hapo wazazi wengi hudhani mtoto anaharisha, wakanunua dawa ya kuzuia kuhara, na tatizo likazidi.

Idadi ya siku bila choo peke yake haitoshi kupimia tatizo hili. Mtoto mchanga anayenyonya ziwa tu anaweza kukaa siku kadhaa bila choo, na kikitoka laini hana tatizo. Kwa aliyekwisha kuanza kula, tuangalie choo kigumu, maumivu, kubana, au kupata choo chini ya mara 3 kwa wiki.

Niseme wazi kuhusu kipande cha sabuni kinachoingizwa kwenye njia ya haja kubwa ili choo kitoke. Tafadhali acheni. Sabuni huunguza ngozi laini ya njia ya haja kubwa, na kila anayemshika mtoto kwa nguvu na kumwingiza kitu huko anamthibitishia kwamba woga wake ni wa haki. Maji ya mitishamba yanayopigwa kwa bomba ni hatari zaidi.

Chakula kina nafasi yake: papai, embe, parachichi, maharage, mchicha, na uji au ugali wa dona badala ya sembe iliyokobolewa. Maziwa ya ng'ombe yasizidi nusu lita kwa siku, maana mtoto aliyeshiba maziwa hali kitu kingine. Maji anywe ya kutosha, ila kumjaza maji kupita kiasi hakutalainisha choo ambacho tayari kimekauka.

Mtoto ambaye ameshaanza kubana, papai peke yake halimtoshi. Anahitaji dawa ya kulainisha choo, kama sirapu ya laktulosi, kwa kipimo atakachopewa na daktari. Kosa linalorudisha wengi kliniki ni kuacha dawa baada ya choo laini mara mbili tatu. Mwongozo wa kimataifa wa 2014 unataka tiba iendelee angalau miezi 2, dalili zote ziwe zimekwisha kwa mwezi mzima, kisha dawa ipunguzwe taratibu. Muda huo ndio unaompa mtoto nafasi ya kusahau.

Mkalishe kwenye poti baada ya mlo, utumbo unapoamka wenyewe, kwa dakika kama 5, nyayo zikiwa zimekanyaga chini. Tundu la choo cha shimo linamtisha mtoto mdogo, lisubiri. Akikataa poti, mrudishieni nepi bila kumgombeza wala kumcheka.

Lakini mtoto ambaye choo chake cha kwanza kilichelewa zaidi ya saa 48 tangu kuzaliwa, anayetapika nyongo, aliyevimba tumbo, asiyeongezeka uzito au mwenye miguu dhaifu, asitibiwe nyumbani. Akitapika nyongo au tumbo likivimba, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.